Matope Hayapotei: Safari ya Udongo Wetu hadi Sakafu ya Bahari

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakulima na wanachama wa vikundi vya watumiaji maji kutoka Embu na Meru, kabla ya mvua za vuli. Yamefupishwa kidogo ili yatoshee katika jarida.

 

Mimi nimesomea uanahabari. Kazi yangu ni kuchukua mambo ambayo wataalamu wameyaandika kwa lugha nzito na kuyaleta kwa lugha ambayo sote tunaielewa. Leo nimepewa jambo zito kidogo: kemia ya madini yaliyomo katika matope ya chini ya maji, kuanzia mabwawa yetu hadi sakafu ya Bahari Hindi. Msishtushwe na neno kemia. Tutakapomaliza mtaona kwamba tumekuwa tukizungumzia shamba lako na mfuko wako.

Huenda mtu akauliza, mkulima wa Runyenjes au wa Nkubu ana haja gani na sakafu ya bahari? Nitamjibu kwa swali. Mvua kubwa ikinyesha, Rupingazi na Kathita hubadilika rangi na kuwa mekundu. Siku tatu baadaye maji yanaanza kuwa safi tena. Ule wekundu umekwenda wapi? Tumezoea kusema udongo "umepotea". Ujumbe wangu leo ni mmoja tu: haupotei. Unahama, na unahama na mzigo.

Mzigo wenyewe ni upi?

Udongo wetu wa miteremko ya Mlima Kenya ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Chuma kilichomo kimeshikana na oksijeni, sawasawa na kutu inayoshika jembe lililoachwa nje. Pamoja nacho kuna manganizi, ambayo nayo hufanya kutu yake, nyeusi zaidi. Kutu hizi mbili hufunika chembe ndogo za mfinyanzi kama rangi inavyofunika ukuta, na zina tabia moja muhimu sana: hunasa vitu vingine. Hunasa fosforasi ya mbolea, hunasa zinki, shaba, kobalti na madini mengine ambayo hupatikana kwa kiasi kidogo mno.

Haya ya kiasi kidogo nitayaita madini haba. Kilo moja ya udongo wa kawaida inaweza kuwa na zinki ya milligramu makumi kadhaa tu. Ni kidogo kuliko chumvi unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na mmea unajua hesabu hiyo. Mahindi machanga yakikosa zinki huonyesha michirizi myeupe au ya njano pande mbili za mshipa wa kati wa jani, na mavuno hupungua hata ukiongeza mbolea ya kawaida. Mtoto naye anahitaji zinki ili akue na apambane na magonjwa. Hupatikana katika chakula, na chakula huipata katika udongo.

Sasa mvua inapokuja juu ya shamba lililo wazi, haichukui udongo bila kuchagua. Kokoto na mchanga mzito hubaki. Kinachotangulia kwenda ni chembe nyepesi za mfinyanzi na mboji ya juu, yaani zile zile zilizobeba fosforasi, zinki na shaba. Ndiyo maana shamba lililomomonyoka huonekana bado lina udongo, lakini halizai kama zamani. Limebaki gunia, unga umekwenda.

Njia mbili kuelekea baharini

Hapa Embu na Meru tunagawana mto mmoja, Tana, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1,000. Lakini matope yetu huuingia kwa njia mbili tofauti, na ni vizuri kila mmoja ajue ya kwake.

Maji ya Rupingazi hupita karibu na mji wa Embu, huungana na Thiba na kuingia katika bwawa la Kamburu. Kamburu ni mojawapo ya mabwawa matano yaliyopangwa mfululizo katika Tana. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo la juu kabisa na ndilo kubwa. Lilijengwa lihifadhi maji mita za ujazo milioni 1,560. Maji yakifika bwawani hutulia, na yakitulia chembe zilizobebwa hutua chini. Upimaji uliofanywa miaka 30 hivi baada ya Masinga kuanza kazi ulionyesha kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya nafasi yake ilikuwa imekwisha kujazwa na matope. Nafasi hiyo ilikuwa ya maji ya kuzalisha umeme na ya kutuvusha wakati wa kiangazi.

Njia ya pili ni ya majirani zetu wa Meru. Kathita, Thanantu, Ura na Rojewero huingia Tana chini ya Kiambere, baada ya mabwawa yote kupitwa. Matope ya huko hayana kizuizi kama hicho. Mengine hutua kwenye mabonde ya Garissa na kaunti ya Tana River wakati wa mafuriko, ambako wakulima Wapokomo wamepanda juu yake kwa vizazi vingi. Kwao ni baraka. Yanayobaki huendelea mpaka Kipini na kuingia katika Ghuba ya Ungwana. Hivyo basi, udongo uliotoka juu ya Nkubu asubuhi ya mvua unaweza kuishia chini ya bahari ambayo mwenye shamba hajawahi kuiona.

Chini ya bwawa kuna kazi inaendelea

Watu wengi hudhani matope yakishatua hulala kimya. Hayalali. Pamoja na udongo hushuka majani, mboji, kinyesi cha mifugo na maji machafu. Bakteria huanza kuvila, na ili wale wanahitaji oksijeni.

Hebu fikirieni nyumba wakati wa njaa. Kwanza watu hula unga. Ukiisha hula maharagwe, halafu mihogo, na mwisho kabisa hugusa mbegu za kupanda. Bakteria wa matopeni hufanya hivyo hivyo, kwa mpangilio ambao wanasayansi wameukuta katika maziwa na bahari kote duniani. Hutumia kwanza oksijeni. Ikiisha hugeukia naitreti, kisha kutu ya manganizi, kisha kutu ya chuma, kisha salfeti. Vyote vikiisha hubaki wakitoa methani, ile gesi ya baiogesi.

Angalieni kinachotokea kutu inapoliwa. Tulisema kutu ya chuma na manganizi ndiyo iliyonasa madini mengine. Sasa inayeyuka, na kilichonaswa kinafunguliwa. Manganizi na chuma huingia majini, na ndiyo sababu maji yanayotolewa chini kabisa ya bwawa mara nyingine hutia madoa ya kahawia au meusi kwenye nguo na mabomba. Fosforasi nayo huachiliwa, na maji yenye fosforasi nyingi huotesha mwani na magugu maji. Mwani ukifa hushuka chini, bakteria wanapata chakula kingine, oksijeni inapungua zaidi. Ni duara linalojilisha lenyewe.

Baada ya hapo huja zamu ya salfeti. Bakteria wakiitumia hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo hukamata shaba, zinki na risasi na kuzifunga ndani ya matope meusi. Hilo laweza kuonekana jambo jema, na kwa muda ni jema kweli, maana madini yaliyofungwa hivyo hayaingii kwa samaki kwa urahisi. Lakini kufuli hilo hufungwa na ukosefu wa oksijeni, na hewa ikirudi hufunguka. Katika ukame wa mwaka 2009 maji ya Masinga yalipungua mpaka kituo chake cha umeme kikafungwa. Bwawa linaposhuka namna hiyo, matope ya kingo hubaki juani, hewa inaingia, na yaliyofungwa huanza kufunguliwa. Kisha huja mvua kama zile za Aprili na Mei 2024, mabwawa yakifurika, na maji huyakoroga tena matope ya zamani.

Kwa hiyo tusiseme kwamba bwawa limetusafishia uchafu. Limetuwekea akiba, na akiba hiyo hutoka na kuingia kulingana na mvua na hewa.

Chumvi inapokutana na mfinyanzi

Huko Kipini mambo hubadilika kwa mara nyingine. Chembe za mfinyanzi zikiwa katika maji baridi ya mto husukumana na kuelea. Zikikutana na chumvi ya bahari hushikana, huwa nzito na kutua. Lakini chumvi hiyo hufanya jambo la pili: inachukua nafasi ya baadhi ya madini yaliyokuwa yameng'ang'ania juu ya chembe, na madini hayo yanaachiwa majini. Mojawapo ni bariamu.

Naomba mlikumbuke jina hilo, kwa sababu bariamu imetupatia ushahidi mkubwa wa mmomonyoko hapa Kenya, ushahidi ulioandikwa na bahari yenyewe.

Matumbawe ni viumbe vya bahari vinavyojijengea nyumba ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama pete za mti. Tumbawe huchukua kalsiamu kutoka majini, na bariamu ikiwepo huingia pamoja nayo kidogo kidogo. Mwaka ambao mto umeleta matope mengi, tabaka huwa na bariamu nyingi. Mwaka 2007 wanasayansi walioongozwa na Dominik Fleitmann walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Malindi hupokea matope ya mto Sabaki, ambao huanzia bara kama Athi, jirani wa Tana yetu.

Walilisoma tabaka kwa tabaka. Kuanzia karibu mwaka 1700 bariamu ilikuwa kidogo na haikubadilika sana kwa takriban miaka 200. Kisha, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ikapanda ghafla, na haikurudi tena ilikokuwa. Kipindi hicho ndicho ardhi ya bara ilipogawanywa upya chini ya ukoloni, watu na mifugo wakabanwa katika maeneo madogo, na misitu na vichaka vikafyekwa ili kulimwa. Hakuna karani aliyekuwa akipima udongo wa Ukambani mwaka 1800. Tumbawe lilikuwa likipima.

Ninawaambia haya ili mjue kwamba yanayofanyika mteremkoni yana mahali yanapoandikwa. Na bahari haina haraka ya kufuta. Meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger ilipozunguka dunia kati ya 1872 na 1876, ilivuta kutoka vilindini mawe ya mviringo ya manganizi, ambayo leo tunajua hukua milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Hiyo ndiyo kasi ya bahari. Kasi yetu sisi ni alasiri moja ya mvua.

Shaba ya mkahawa

Sasa nirudi nyumbani, na nizungumze na wakulima wa kahawa.

Tangu zamani tumepambana na kutu ya majani na ule ugonjwa wa matunda tunaouita CBD, ambao uligunduliwa Kenya mwaka 1922, kwa kunyunyiza dawa za shaba. Dawa hizo zimeokoa zao letu, na simwambii mtu aache mkahawa wake ufe. Lakini kuna jambo lazima tulielewe. Dawa nyingine huoza zikavunjika. Shaba haivunjiki, ni elementi, na itabaki shaba leo na miaka elfu ijayo. Uchunguzi katika mashamba ya kahawa ya Kenya umeonyesha kwamba palipopuliziwa kwa miaka mingi shaba hujikusanya katika udongo wa juu. Huko Ufaransa, walikoanza kunyunyiza shaba kwenye mizabibu katika miaka ya 1880, mashamba ya zamani yana tatizo hilo hilo, na nyungunyungu hupungua pale shaba inapozidi.

Shaba kidogo ni chakula cha mmea. Shaba hiyo hiyo, ikiyeyuka mtoni, hudhuru samaki na viumbe vidogo hata ikiwa kidogo sana. Maana yake ni kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa mali kikiwa juu ya mteremko na kuwa madhara kikiwa chini yake. Tofauti ni mahali kilipo. Na kinachokipeleka chini ni mmomonyoko.

Dunia imeona gharama ya kulisahau hilo. Katika ghuba ya Minamata nchini Japani kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikatua matopeni, ikaingia kwa samaki na kwa watu. Ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kusafisha matope ya ghuba hiyo kuliendelea mpaka mwaka 1990. Sisi hatuko huko, na sitaki mtu atoke hapa akiogopa kula samaki wa Kamburu. Nataka tukumbuke jambo moja tu kutoka kwao: kuzuia juu ni rahisi kuliko kuchota chini.

Tufanye nini kabla ya mvua

Kwanza, matuta. Fanya juu tunazijua tangu enzi za babu zetu. Zilizobomoka zikarabatiwe sasa, kabla ya Oktoba. Ukingo wa tuta upandwe nyasi za napier, ambazo hushika udongo na kulisha ng'ombe. Mradi wa Upper Tana uliofanya kazi katika kaunti sita, zikiwemo Embu, Tharaka Nithi na Meru, ulipita njia hiyo hiyo, na walioshiriki wapo kati yenu. Waulizeni.

Pili, ukingo wa mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kwenye ukingo, kuanzia angalau mita 6 hadi mita 30 kulingana na upana wa mto. Najua mita hizo ndizo zenye unyevu, na najua mwenye robo ekari anahisi ameporwa. Lakini ukanda huo ukiwa na nyasi na miti ya kienyeji ndio mlango wa mwisho wa shamba lako. Pasipo mlango, kila kilichooshwa juu kinatoka.

Tatu, kahawa. Anayepanda upya au kupandikiza afikirie Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian ya mwaka 2010. Zote hustahimili CBD na kutu ya majani, na gharama ya dawa hushuka. Anayenyunyiza afuate kipimo, asinyunyize mvua ikiwa imetanda, na bomba la kunyunyizia lisioshwe mtoni. Viwanda vyetu vya kahawa navyo viyapeleke maji ya kuoshea kwenye mashimo ya kutulia. Maji yale yana sukari nyingi, na mmeshasikia bakteria wakipata chakula majini kinachoisha ni nini.

Nne, pimeni udongo kabla ya kununua mbolea. Huenda unanunua kila mwaka kitu ambacho shamba linacho, huku likililia zinki.

Na kaunti? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiweka kazi ya kuhifadhi udongo na maji mikononi mwa serikali za kaunti, kwa hivyo siwezi kuja hapa kumwambia mkulima peke yake. Maji mengi yanayochimba makorongo mashambani hutoka barabarani. Kalvati ikielekezwa kwenye shamba la mjane, tuta lake halitasimama hata alijenge mara kumi. Mkiona barabara inachongwa katika wadi yenu bila mfereji unaofika mahali salama, semeni mapema, kwa maandishi, kupitia kwa msimamizi wa wadi, na semeni tena katika vikao vya maoni ya bajeti. Hiyo ni haki yenu.

Mabibi na mabwana, ile chembe ya zinki itakayotoka shambani kwako msimu huu itafika mahali. Itatua Kamburu, au itapita Garissa, au itashuka chini ya Ghuba ya Ungwana na kubaki huko muda ambao hatuwezi kuuhesabu kwa umri wa binadamu. Huku nyumbani ina kazi ya kufanya kwenye mahindi, kwenye maharagwe na katika mwili wa mtoto. Vuli inakaribia, na majembe tunayo. Tuizuie hapa.

Sasa nitayapokea maswali yenu, na yatakayonishinda yatajibiwa na ndugu zangu wa ugani hawa walioketi mbele.